Tume ya Kuchunguza Asili ya Sori

Mwenye kusikiliza na akae wima, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, kwa kuwa habari hii haisimuliwi kwa mtu aliyeegemea ukuta.

Yalitokea haya katika nchi moja ambayo silitaji jina lake, maana kulitaja kwahitaji kibali, na ofisi itoayo vibali hufunguliwa siku ambayo mwenye ufunguo hayuko safarini. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, na ina Katiba ambayo ibara yake ya kwanza yasema, kwa herufi za dhahabu: "Serikali haikosei." Ibara ya pili yasema kwamba, endapo Serikali itaonekana imekosea, msomaji airejee ibara ya kwanza.

Siku moja Serikali ilituma greda likapanue barabara ya Kaskazini. Mkuu wa Nchi alikusudia kupita huko akiwa amelala garini, na haikufaa aamshwe na mashimo. Dereva wa greda, kijana mtaratibu aitwaye Vuai, alipewa ramani iliyochorwa kwa ustadi na mtaalamu ambaye hajawahi kufika Kaskazini. Vuai aliifuata ramani kama alivyoamriwa. Ramani ikamwongoza hadi nyuma ya nyumba ya Bi Mwanasiti binti Faki, mjane, na greda likapita juu ya jiko lake: paa la makuti, ukuta wa fito, chungu cha maharage yaliyokuwa yanakaribia kuiva, na mafiga matatu, yaani yale mawe ambayo juu yake chungu hukaa.

Vuai alizima mashine, akashuka, akavua kofia. Bi Mwanasiti alikuwa amesimama uani, mwiko mkononi.

"Mama," Vuai alianza, "nime..."

Hakumaliza. Msimamizi wake alikuwa amekwisha kumfikia na kumziba kinywa kwa kiganja.

"Nyamaza! Umeajiriwa na nani wewe?"

"Na Serikali," Vuai alijibu baada ya kiganja kulegezwa.

"Na kinywa hicho ni cha nani?"

Vuai alifikiri. "Nilikuwa nadhani ni changu."

"Saa za kazi ni cha Serikali. Ukisema wewe, imesema Serikali. Panda juu!"

Siku hiyo hiyo Vuai alihamishiwa katika nyumba ya wageni ya Serikali, akapewa kitanda kizuri na askari mmoja wa kumlinda. Askari huyo ndiye aliyemwagizia chai, ndiye aliyebisha hodi kwa niaba yake, na ndiye aliyeitikia salamu zake. Haya yote yalifanywa kwa usalama wa ulimi wa Vuai, wala sioni sababu ya mtu kuyadhania mabaya.

*

Sasa desturi ya watu wa huko ni hii, na mtoto wa huko huijua kabla hajaweza kufunga kifungo. Mtu aliyeling'oa figa la mwenziwe, iwe kwa ghadhabu au kwa bahati mbaya, hulirudisha mahali pake kwa mikono yake mwenyewe, na kusema, "Nimekosa, mwenye jiko." Mwenye jiko hujibu, "Kaa, unywe uji." Basi, yamekwisha, na asiyeyasahau huonwa kuwa hana adabu. Lakini maneno hayo yasiposemwa, jiko husemekana kuwa limenuna, na jiko lililonuna haliwashwi moto hata kama mawe yake yatapangwa na malaika.

Desturi hiyo ina nduguye. Chungu cha kwanza cha wali wa arusi hakina budi kuchemka katika jiko la nyumba alimolelewa bibi arusi. Bi Mwanasiti alikuwa amemlea mjukuu wake, Raya, tangu akiwa mchanga. Raya alikuwa amekwisha kuposwa, na arusi ilipangwa kuwa mwisho wa mavuno.

"Bibi," Raya alisema, akiutazama ua uliosawazishwa kwa ufundi mkubwa, "si tupange mawe mengine tu?"

"Nikuoze kwa jiko la kuazima, halafu na ndoa uiazime?"

"Serikali haitakuja kusema, Bibi."

"Serikali imekuja kuvunja bila ya kuitwa. Na kusema itakuja."

Shangazi wa bwana arusi, mwanamke mnene wa maneno, alipita akachungulia juu ya ua.

"Mkwe! Tumesikia jiko lako limekuwa barabara. Siku ya arusi tutakula lami?"

"Kula utakula, mkwe. Ulimi wako tu ndio unaoshindwa kungoja."

"Sisi twangoja, hatuna neno. Hadi mwisho wa mavuno twangoja." Shangazi alijifunga upya kanga yake. "Baada ya hapo, mtoto wetu ni mzuri, na mabinti wenye majiko wapo."

Raya aliingia ndani. Bi Mwanasiti hakuingia. Aliokota mafiga yake, moja baada ya jingine, akayaweka kando ya ukuta, akayafunika kwa gunia kama watu waliolala.

*

Serikali ilimtuma Bwana Afisa wa Wilaya. Alifika na kijitu cha kumshikia mwavuli, ingawa kulikuwa na mawingu.

"Bi Mkubwa," alisema, "Serikali imenituma nikuambie: sori."

"Sori."

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Ni Kiingereza."

"Nalijua neno hilo, mwanangu, nimeambiwa mara nyingi. Mtu alinikanyaga posta, akasema sori hata hakugeuka. Karani aliponiambia faili la marehemu limeliwa na mchwa, alisema sori. Mwalimu aliyemnyima Raya nafasi ya shule alisema sori. Na siku ya mazishi ya mume wangu, mzungu wa misheni alinishika mkono, macho yamemlowa, akasema sori, na yule alikuwa anasema kweli. Sasa wewe waniletea ipi?"

Afisa aliitazama karatasi yake mbele na nyuma. "Sikupewa maelezo hayo."

"Na huyo kijana aliyeling'oa figa yuko wapi?"

"Yuko chini ya ulinzi."

"Kwani ameua?"

"La, Bi Mkubwa. Anataka kusema."

"Basi nirudishie huyo, na sori yako uiondoe. Jiko langu halijui Kiingereza."

Afisa aliiondoa sori, akaikabidhi wilayani. Wilaya ikaikabidhi mkoani. Na baada ya kupigwa mihuri ya kutosha, ikafika katika Baraza la Mawaziri.

*

Waziri wa Kauli wa nchi hiyo alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mtu mwenye sauti ya kinanda na shingo iliyofaa kuvikwa mashada. Alisimama, akakohoa kikohozi rasmi.

"Waheshimiwa," alisema, "lugha yetu, pamoja na uzuri wake, ina udhaifu mkubwa wa kiusalama. Ina 'pole' kwa mwenye msiba, 'samahani' kwa aliyesumbuliwa, na 'nimekosa' kwa mkosaji. Kila neno limesimama mlangoni pake kama askari. Hupiti mpaka utaje shida yako. Waingereza walijaaliwa neno moja ambalo hupita milango yote bila ya kuulizwa. Nchi yangu itaishi na neno gani? Nasema, sori!"

Mawaziri walipiga meza. Mwanasheria Mkuu peke yake hakupiga.

"Itakuwaje iwapo ndani yake mna kukiri?" aliuliza. "Neno la kigeni ni kama sanduku lililoachwa uwanja wa ndege. Halibebwi mpaka ijulikane limetoka wapi na ndani mna nini. Tukilisema leo, kesho mjane yule aweza kwenda mahakamani akathibitisha kuwa asili yake ni 'nimekosa.' Ibara ya kwanza itaponea wapi?"

Hofu ikatanda. Papo hapo iliundwa Tume ya Kuchunguza Asili ya Sori, chini ya Profesa Dadi, ambaye wakati huo alikuwa akiongoza Tume ya Kuchunguza Sababu za Tume Kuchelewa. Iliamuliwa kwamba neno huchunguzwa lilikozaliwa, na kwa hiyo wajumbe waliondoka kwenda nchi ya baridi pamoja na wake zao, kwa kuwa neno hilo, kama ijulikanavyo, hutumika sana katika ndoa.

Wakati Tume ikiwa safarini, watumishi wa umma walikatazwa kulitumia neno hilo na ndugu zake wote, kwa lugha yoyote. Agizo lilitekelezwa kwa uaminifu. Ofisini, mtu aliyemkanyaga mwenziwe alitazama dari. Katika hospitali kuu, mgonjwa alipolia kwa maumivu ya sindano, muuguzi alimwambia kwa upole kwamba suala lake liko mbele ya Tume. Na katika nyumba ya wageni, Vuai aliamka kila asubuhi akimwomba askari wake ampeleke Kaskazini dakika moja tu.

"Ukasemeje huko?" askari aliuliza.

"Nime..."

"Ishia hapo hapo, ndugu yangu. Mimi nina watoto."

Mpunga ulikwisha kukatwa mashamba ya chini. Ya juu yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

*

Tume ilirejea ikiwa na makoti mazito na ripoti nyembamba. Profesa Dadi aliisoma mbele ya Baraza zima.

"Waheshimiwa, tumelifuata neno hili hadi katika Kiingereza cha kale kabisa. Tumegundua mambo mawili. La kwanza: katika lugha ile mna neno jingine lenye maana ya huzuni, ambalo kwa sura na sauti lafanana mno na sori, hata Waingereza wenyewe huyadhania kuwa ndugu. Si ndugu. Ni majirani tu, waliokaa mtaa mmoja muda mrefu mpaka mmoja akaiga sauti ya mwenziwe."

"Na la pili?" Mwanasheria Mkuu aliuliza, jasho likimtoka.

"La pili: mzazi halisi wa sori ni neno la kale lenye maana ya maumivu, na neno hilo hilo leo lina maana ya kidonda. Mtu wa kale aliposema sori, alisema hivi: mimi ni mwenye maumivu."

Mheshimiwa Ngwali alisimama polepole, kama mtu anayeona mwezi ukiandama.

"Profesa. Kwa hiyo anayesema sori hasemi kwamba amekosa?"

"Kwa asili, hasemi."

"Anasema kwamba anaumwa?"

"Kwa asili, ndiyo."

"Na mtu anayeumwa hupewa nini?"

"Hupewa pole, Mheshimiwa."

Baraza zima lilisimama na kupiga makofi. Mwanasheria Mkuu alilia waziwazi. Ilikuwa imedhihirika, kwa ushahidi wa kitaalamu, kwamba tangu siku ile ya kwanza Serikali ilikuwa inamdai Bi Mwanasiti pole, naye akakaidi, akakataa kuitoa.

Ilibaki kukionyesha kidonda. Greda lilikaguliwa, na kwa rehema ya Mungu likakutwa na pengo dogo katika bapa lake la kusawazishia udongo, mahali lilipogongana na figa. Bapa lilifunguliwa, likaoshwa, likalazwa juu ya mto wa mahameli, likatangazwa kuwa Kidonda cha Taifa. Watoto wa shule walitungiwa wimbo. Wananchi walipanga foleni mbele ya mto huo na kusema pole mmoja mmoja, na aliyesema kwa sauti ndogo alirudishwa nyuma ya foleni. Lakini pole ya kwanza kwa heshima, pole yenyewe hasa, ilipaswa kutoka kinywani mwa mwenye figa. Ikapangwa hafla uani kwake, siku ambayo, kwa mujibu wa kalenda ya mkwe wake, ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kungoja.

*

Walikuja na hema, zulia, bendi, gari la wagonjwa, na redio ya taifa ikitangaza moja kwa moja. Kidonda kilibebwa na askari wanne. Nyuma yake alitembea Vuai, aliyeletwa kama kielelezo, akiwa amesimamiwa na askari wake. Shangazi wa bwana arusi naye alikuwapo, mstari wa mbele, kwenye kiti ambacho hakupewa.

Mheshimiwa Ngwali alihutubia mpaka makuti ya majirani yakalegea. Kisha akamgeukia Bi Mwanasiti.

"Mama yetu, Serikali unayoiona mbele yako inaumwa. Haikulaumu. Iko tayari kuipokea pole yake."

Bi Mwanasiti aliketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kilichonusurika, miguu ameikutanisha.

"Inaumwa sana?" aliuliza.

"Sana, mama."

"Mbona imesimama mlangoni kama mdai? Kwetu, mgonjwa hapewi pole ya mdomo akarudishwa. Mgonjwa hukandwa."

"Vyema sana!" Mheshimiwa alisema, akaiambia redio, "Serikali itakandwa!"

"Kukanda kwataka maji ya moto. Maji hayachemki hewani. Jiko langu lilikuwa pale uliposimama, na mawe yake ni yale pale chini ya gunia."

Mheshimiwa aliwapungia mkono askari wayalete. Bi Mwanasiti aliunyosha mwiko wake.

"Ala! Mgonjwa anatumwa? Aliyekuja kukandwa na alete mwenyewe. Au haumwi?"

Mwanasheria Mkuu alimwinamia Waziri sikioni. "Usishike jiwe hilo, Mheshimiwa. Kwa desturi ya hapa, kulirudisha ni nusu ya kukiri."

"Redio inasikiliza," Waziri alinong'ona. "Nchi nzima inasikiliza."

"Basi libebe kwa wadhifa wa mgonjwa, si kwa wadhifa wa Waziri. Nitaandika hivyo."

Mheshimiwa Ngwali akakunja mikono ya koti, akainama, akalikumbatia figa kubwa kuliko yote kwa wadhifa wa mgonjwa. Alilinyanyua hadi magotini. Hapo wadhifa ukamwisha nguvu, na jiwe likateremka juu ya kidole gumba cha mguu wake wa kulia.

"Mama yangu wee!"

"Pole, baba!" alisema Bi Mwanasiti, akiwa amekwisha kuinuka, na neno hilo lilimtoka bila ya kejeli yoyote, kwa sababu mtu aliyeumia ni mtu aliyeumia.

"Pole!" uliitikia ua mzima.

"Ndugu wasikilizaji," mtangazaji alipaza sauti, "Serikali imepewa pole!" Bendi ikapiga. Mawaziri, makatibu na maofisa walimrukia Mheshimiwa kwa wingi, kila mmoja akitaka aonekane ameshika sehemu yake ya Serikali, na askari wa Vuai, mtu mwenye watoto na matumaini ya cheo, alikimbia akapata kushika kiatu. Gari la wagonjwa lililia, msafara ukaondoka, vumbi likatua.

Kidonda cha Taifa kilikuwa kimesahauliwa juu ya mto wake. Kuku mmoja alikuwa amekwisha kukipanda. Na kando yake alikuwa amesimama Vuai, peke yake, akiigusa midomo yake kama mtu aliyerudishiwa mali.

Alivua kofia. Akaliokota figa kubwa, akalipeleka mahali pake. Akalileta la pili, akalileta la tatu. Alipomaliza alipiga magoti mbele ya bibi, mikono imejaa masizi.

"Nimekosa, mwenye jiko."

Bi Mwanasiti aliyatazama mawe, akalisukuma moja kwa ncha ya mguu ili aone kama limekaa.

"Umechelewa, mwanangu."

"Nilizuiwa, mama."

"Najua. Nilikuona siku ile ulivyovua kofia." Akakifuta kibao kwa upande wa kanga yake. "Kaa, unywe uji."

Raya alikuwa amekwisha kuleta kuni. Shangazi wa bwana arusi aliutazama moshi ukipanda, akainuka kitini.

"Haya, mkwe," alisema, "wanitazama nini? Mchele uko wapi, tuuchague?"

*

Arusi ilifana. Siku ya tatu yake Vuai alikamatwa.

Alifikishwa mahakamani kwa kosa la kutumia, bila ya idhini, neno lenye maana moja. Chumba kilijaa. Bi Mwanasiti alikaa mbele, na chungu kilichofunikwa kwa kawa miguuni pake. Raya alikuwa kando yake, hina haijamfifia.

Mwanasheria Mkuu mwenyewe alieleza uzito wa kosa. Mshtakiwa, akiwa na kinywa cha Serikali, alitamka "nimekosa." Kwa hiyo Serikali ilikosa. Kwa hiyo Katiba ilitikisika. Aliomba afungwe miaka mingi, iwe fundisho kwa vinywa vingine.

Hakimu alikuwa mzee mkavu, aliyevaa miwani juu ya paji la uso na kusoma bila ya kuitumia. Aliuvuta puani, kidogo tu, mvuke uliotoka katika chungu kile.

"Mshtakiwa, neno hilo ulilipata wapi?"

"Kwa mama yangu, Mheshimiwa."

"Naye?"

"Kwa mama yake."

"Bwana Mwanasheria Mkuu," Hakimu alisema, "Serikali, kwa hekima yake, imekwisha kutufundisha kwamba neno halichukuliwi kwa maana yake ya mtaani. Huchukuliwa kwa asili yake. Je, asili ya neno 'nimekosa' imechunguzwa?"

Mwanasheria Mkuu alipekua faili lake.

"Imechunguzwa na tume?" Hakimu aliuliza tena.

"Bado, Mheshimiwa."

"Twawezaje basi kumfunga mtu kwa neno ambalo ndani yake hatujui mna nini? Huenda kwa asili ni maamkizi. Iundwe tume. Mshtakiwa arudi nyumbani, na kesi hii isitajwe tena mpaka tume hiyo iwe imerejea."

Vuai alitoka nje, akakaa katika ngazi za mahakama, akala wali kutoka katika chungu kile, na Bi Mwanasiti akimwambia asilambe vidole.

Tume iliundwa juma hilo hilo, chini ya Profesa Dadi. Kwa kuwa neno hilo ni letu wenyewe, na hukaa hapa hapa katika kila jiko, wajumbe walianza uchunguzi wao ng'ambo. Hawajarudi. Kila jioni, kabla ya kuipua chungu, Bi Mwanasiti humwombea Profesa afya njema, hoteli nzuri na safari ndefu.